Mwaka wa Vichupa Vinavyoteleza

Sista Anjela amerudi Nachingwea, na jambo la kwanza alilofanya ni kunisimanga mbele ya kinamama wenzangu bila kujua kwamba nimekaa mstari wa pili. Ilikuwa siku ya kliniki ya watoto wenye sukari. Baada ya vipimo tulikusanywa kwenye ukumbi wa nyuma, sisi kwenye viti vya plastiki, watoto chini kwenye mkeka. Alikuwa amehamishiwa mkoa mwingine miaka mingi, sasa karudi na cheo, na miwani, na sauti ileile ya kukukata kabla hujamaliza sentensi. Akasema leo tutajifunza kutunza dawa, na ataanza na kisa cha kweli. "Hapa hapa," akasema, "kulikuwa na mama mmoja wa Ruangwa, wa hukohuko Nandagala. Kapewa insulini ya mtoto, kafika nyumbani, anaona chupa inateleza. Akasema, hii ina jini! Akachukua majivu na mchanga, akaisugua kama sufuria la ubwabwa. Halafu akaichemsha, jamani! Akaichemsha!" Ukumbi mzima ukaangua kicheko. Kulia kwangu dada mmoja alicheka mpaka mtoto aliyekuwa mgongoni akaamka. Kushoto kwangu alikaa mama mkwe wangu, ambaye nilikuja naye akaangaliwe macho, naye alicheka kuliko wote, machozi yanamtoka, anayafuta kwa pindo la kanga. "Mwanamke mpumbavu huyo!" akaniambia, na akanipiga paja.

Mama huyo wa Nandagala ni mimi. Na hakuna aliyetaja jini, wala hakuna aliyechemsha kitu.

Watu wananiambia, Mama Somoe, wewe umezidi hasira. Sawa, nimezidi. Lakini hasira yangu ina mwaka wake, nao ni ule mwaka Somoe alipokuwa na miaka minne, mimi mwenyewe bado msichana tu mwenye cheti cha kidato cha nne kilichofungwa kwenye nailoni juu ya kabati. Kabla ya mwaka ule nilikuwa mtu wa kuitikia. Nikiambiwa kaa, nakaa. Nikiambiwa subiri, nasubiri, hata kama aliyeniambia keshaondoka na kufunga mlango. Nikilinganisha yule msichana na mimi ninayeandika hapa, naona kama ni watu wawili waliowahi kupanga nyumba moja. Aliyewatenganisha si mwanamume wala si mji. Ni vichupa vya dawa, vidogo, vya kutosha kufichwa kwenye ngumi.

Dawa yenyewe ilikaa chumbani kwa mama mkwe, na hilo peke yake lilinichosha. Chumba chetu mimi na Baba Somoe kilikuwa na sakafu ya saruji na dirisha la upande wa jua, mchana ni tanuri. Chumba chake kilikuwa cha nyuma, sakafu ya udongo, dirisha dogo kama la ghala, na ndicho chenye ubaridi katika nyumba nzima. Friji hatukuwa nayo. Kliniki walituelekeza: chungu kikubwa, ndani yake chungu kidogo, katikati mchanga unaomwagiwa maji, juu kitambaa kibichi. Basi chungu cha insulini ya mwanangu kikawekwa miguuni pa kitanda cha mkwe wangu, kati ya gunia la mbaazi za mbegu na sanduku la bati lenye kanga zake za kuzikiwa. Mwali wa mtu haingii hivi hivi chumba anacholala mkwe wake. Mimi nilitakiwa niingie asubuhi na jioni. Hodi, napiga goti, nasalimia, nasubiri ajifunike, naingia nikiwa nimeinama kama mwizi wa kuku, natoa kichupa, narudisha kichupa. Na hakuna siku aliyoniacha nitoke bila neno. "Mchanga wako umekauka." "Umemwaga maji, kitanda changu kitaota uyoga." "Hivi hiyo dawa haina mwisho?"

Haina, mama. Nilimjibu hivyo kila mara na kila mara aliniangalia kana kwamba mimi ndiye niliyeipangia isiwe na mwisho.

Lakini sikuweza kugombana naye, na si kwa sababu ya adabu peke yake. Nilihitaji mikono yake. Somoe alikuwa akipiga mateke kama mbuzi wa kuchinjwa akiona sindano. Baba yake, Hashimu, mwanamume anayekanyaga nyoka shambani na kuendelea kupalilia, alikuwa akiona bomba la sindano tu anakumbuka kwamba baiskeli ameiacha nje. Aliyeweza kumshika yule mtoto ni bibi yake. Alimkalisha mapajani, akamfunga kwa mikono miwili, akamwimbia kitu cha Kimwera masikioni, na mtoto akatulia kama aliyemwagiwa maji. Mimi nikachoma. Kwa hiyo kila neno lililonipanda kooni nililiteremsha tena, maana nikimuudhi yule mzee asubuhi, jioni nani atanishikia mtoto?

Chakula nacho kilikuwa vita. Jioni tulikaa ukumbini, wanawake kwenye mkeka, ugali wa muhogo katikati, kisamvu cha nazi, siku nyingine mbaazi, siku nyingine mlenda na dagaa. Nilitakiwa nimpimie Somoe ugali kwa ngumi yake mwenyewe, kwa saa ileile, kisha hakuna kulambalamba. Nikimpimia, nyumba nzima inaangalia mkono wangu. Shangazi Tatu, dada yake marehemu baba mkwe, alikaa chumba cha pili, na kuta zetu hazikufika kwenye bati, kwa hiyo alichosema kitandani mwake ulikisikia kitandani mwako. "Mtoto ananyimwa ugali kwao," nilimsikia akimwambia mama mkwe. "Sijui huko shule wanafundishwa nini." Mama mkwe akasema ni ugonjwa wa sukari. "Sukari!" Shangazi akacheka. "Hiyo sukari kaila wapi? Sisi hapa chai tunainywa na chumvi!" Nikalala nikiangalia bati, nikasema moyoni, cheka tu mama, cheka, wewe hukai macho kumsikiliza kama anapumua.

Hayo yote yalikuwa kabla vichupa havijabadilika. Vile vya mwanzo vilikuwa vioo vya kawaida. Ukivishika viwili kwenye kiganja kimoja vinalia, kri, kri, na ukivipangusa vinashika kidole. Kisha mwezi mmoja, mvua zikiwa bado mbali na mikorosho imeanza kutoa mabibo, nikapewa vingine. Sista Anjela alivipitisha kwenye tundu la dirisha la kliniki kama mtu anayerudisha chenji. Maboksi walibaki nayo, ndiyo desturi yao, ili dawa isiende kuuzwa. Akasema, "Mwezi ujao usichelewe." Basi. Hayo ndiyo mafundisho niliyopewa. Nilipovitia kwenye kopo la maziwa ya unga niliona vinapishana bila sauti, vikavu kabisa, lakini vinateleza kama kipande cha sabuni kilichokauka. Nikafikiri, labda ni kioo cha bei.

Sasa niwaeleze mikono ya mama mkwe, maana Sista Anjela hakuwahi kuiona. Yule mama amebangua korosho tangu akiwa binti. Si za kiwandani, ni za nyumbani: unakaanga kwenye kipande cha debe kilichotobolewa, mafuta ya ganda yanawaka moto, moshi unakukimbiza, unamwagia mchanga, kisha unakaa chini unapasua moja moja. Yale mafuta ya ganda ni moto mwingine. Yakikugusa hujui kitu, unaona tu kidole kinateleza, halafu kesho ngozi imebabuka na kuvuka kama ya nyoka. Dawa yake ni majivu. Kabla hujagusa korosho unapaka majivu mikononi. Ukisikia utelezi, majivu. Mtoto akishika ganda, majivu haraka, kabla hajajigusa jicho. Ukiwa umekulia kwetu hilo hulifikirii, mkono unakwenda wenyewe. Viganja vya mama mkwe vimeliwa mpaka vidole havina alama. Walipokuja kuandikisha vitambulisho, mashine ilimkataa vidole vyote, kijana wa mashine akamwambia ajaribu tena, ajaribu tena, mpaka akamuuliza, "Bibi, wewe una vidole kweli?" Akamjibu, "Ninavyo, ila nimevila na korosho."

Asubuhi ile nilimwomba anishikie kichupa wakati navuta hewa kwenye bomba. Kikamponyoka, kikaangukia kwenye mkeka. Akakiokota, kikamponyoka tena. Nilimwona akitulia. Akasugua kidole gumba kwenye kidole cha shahada, akakinusa.

"Kina mafuta hiki."

"Hakina mafuta, mama. Ni chupa mpya."

"Kina mafuta. Mimi nayajua mafuta."

"Mama, imetoka hospitali hiyo."

"Na hospitali hakuna mafuta?"

Nikamchoma mtoto, nikarudisha kichupa chunguni, nikachukua ndoo nikaenda bombani. Foleni ilikuwa ndefu. Niliporudi, ungo ulikuwa uani kwenye jua, na juu ya ungo vichupa vyote vya mwezi mzima vimepangwa kama dagaa. Pembeni bakuli la majivu, mchanga laini wa kwenye chungu, na dodoki limelowa. Mama mkwe amekaa kwenye kigoda, mikono myeupe mpaka kwenye viwiko, uso umeridhika. "Nimeyatoa," akasema. "Yalikuwa yameshika hasa. Nimesugua mpaka sasa vinashikika. Karatasi sijaigusa, ina maandishi ya serikali. Na mpira wa juu sijaugusa." Nilivikwapua kutoka juani nikavirudisha kwenye ubaridi. Vilikuwa vimefifia, kama jicho la mzee. Vikashika kidole. Vikalia, kri, kri.

Nilimfuata Hashimu bandani alikokuwa akichanganya salfa ya kupuliza mikorosho. Akanisikiliza akiwa amefunga pua na mdomo kwa kitambaa. "Mama hawezi kumdhuru mjukuu wake," akasema.

"Sijasema amemdhuru. Nimesema amesugua."

"Kwani chupa ikisuguliwa inakuwaje? Si inatakata tu?"

Na hapo ndipo pananiudhi mpaka leo, kwa sababu sikuwa na jibu. Nilikaa darasani nikasoma msuguano. Nilichora kipande cha mbao juu ya meza na mishale yake, nikapata alama. Hakuna aliyeniambia, si mwalimu wala sista, kwamba kuna mtu mahali fulani amefanya kazi ya kukipaka kichupa cha mwanangu utando ili kisisuguane, na kwamba tukiuondoa tumekiondolea kinga. Ningejuaje? Hata Hashimu angejuaje? Mama mkwe angejuaje, mtu ambaye utelezi wote alioujua duniani ulikuwa unaunguza? Nikatazama dawa ndani, ilikuwa ileile. Nikaendelea.

Msimu wa kuokota ulipofika, mwezi uleule, tulihamia Kiegei, kwenye shamba la korosho la ukoo wao, kama kila mwaka. Mama mkwe na Shangazi walitangulia na vyombo, chungu cha dawa kikiwemo. Mimi, Hashimu na Somoe tulifuata kwa pikipiki. Kopo la dawa nililifunga kitambaa kibichi nikalipakata, Somoe katikati yetu. Barabara ile nadhani hata aliyeichonga hakuipenda. Ni mawimbi ya udongo mgumu mwanzo mpaka mwisho, meno yanagongana, na ndani ya kopo nilivisikia vichupa vinalia kri, kri, kri safari nzima. Sikuwaza kitu. Vya zamani navyo vilikuwa vinalia.

Tulipofika nikafungua kopo kwenye kibanda cha shamba, ikanipiga harufu ya hospitali. Insulini ina harufu yake, kama dawa ya kusafishia kidonda. Kichupa cha kwanza nilichokinyanyua kilikuja bila kitako. Kitako kilibaki kwenye kopo, kimekatika mviringo, safi kabisa. Cha pili kilikuwa vipande. Vilivyobaki vilionekana vizima mpaka nilipovipangusa, kila kimoja kikarudia kulowa, na nilipokiinua kwenye mwanga nikaona mstari mwembamba kama unywele umezunguka begani. Hashimu akasema, "Si bado vina dawa? Tumia hicho." Nikamwambia, kilichofungua njia ya kutoka kimefungua njia ya kuingia, mimi simchomi mwanangu uchafu wa barabarani. Mama mkwe akaja akiwa na korosho kwenye upande wa kanga, akachungulia kopo. "Chupa za siku hizi," akasema. "Kama ganda la yai." Akaenda zake kumwaga korosho.

Jua lilikuwa limezama, usiku ule Somoe akalala bila sindano. Kulipokucha alikuwa amekwisha kutapika, anaomba maji, akipewa anatapika maji, na anapumua kwa nguvu kama aliyekimbia wakati hakunyanyuka kitandani. Pumzi yake ilinuka mabibo yaliyolala. Tulipanda pikipiki ileile mpaka Nachingwea, Hashimu anaendesha, mimi namsemesha mtoto ili asinilalie.

Daktari alimchukua palepale, sina la kumlaumu. Wodi ya watoto, dripu, insulini ya wodi. Niliyemchukia ni Sista Anjela, niliyemfuata dirishani kuomba dawa ya kurudi nayo nyumbani. Nilimwekea kopo mezani. Akanyanyua kichupa kimoja kwa ncha za vidole, akakigeuza. "Nani kavisugua hivi?"

Nikageuka. Nyuma yangu kuna foleni, na kwenye foleni ile kuna watu wa Nandagala, na watu wa Nandagala wote ni ndugu. Ningesema mama mkwe, neno lingefika Kiegei kabla yangu, limevaa viatu. Na jioni ningerudi na sindano, halafu mikono ya kumshika mtoto ningeitoa wapi?

"Mimi," nikasema.

"Kwa nini?"

"Niliona vinateleza."

Akageuka akawaambia wenzake ndani, kwa sauti, "Njooni muone mama aliyeosha insulini!" Wakaja. Wakacheka. "Mgao wako wa mwezi umeshachukua, mama. Na hawa wengine wapewe nini? Mzembe wewe. Sekondari umesoma, au ulikuwa unapita njia?"

Msichana yule wa kuitikia angeondoka. Alikuwa bado yumo, nilimsikia akiniambia, haya twende, tukakae nje, tusubiri. Lakini nilikuwa nimetoka kumwona mwanangu na mrija mkononi, na miguu ikakataa. Nikaweka viwiko viwili kwenye lile dirisha, nikasema sitoki. Nikamwambia, "Niite utakavyo. Lakini mtoto akitoka wodini bila dawa atarudi tena, na nitamlaza hapa hapa kwenye karatasi zako." Akaniambia nisimpandishie sauti. Nikaipandisha. Watu wa foleni wakaanza, mwacheni mama wa watu, wengine mpeni atupishe, mpaka akatoka kijana wa famasi, kaka mmoja mrefu, mpole, ameshika sandwichi ya yai, akauliza kuna nini.

Huyo ndiye wa kwanza kunieleza. Alichukua viwili vipya kutoka kabatini akavisuguanisha mbele ya sikio langu. Kimya, vikateleza. Akachukua viwili vyangu. Kri. "Hivi vipya vimevishwa utando," akasema, "mwembamba sana, huuoni. Kiwandani vinapita vingi kwa kasi, vinagongana, vinakwaruzana. Kioo kikishapata mkwaruzo, hapo ndipo kinapopasukia. Sasa utando unavifanya vipishane bila kuumizana. Ukiuondoa, na ukivichora kwa mchanga..." Hakuhitaji kumaliza. Nilishamwona fundi vioo wa pale sokoni Ruangwa anavyokata kioo cha dirisha: hakipigi nyundo, anakichora mstari mmoja tu kwa kile kikalamu chake, kisha anakigonga kidogo, tak, kinaachia palepale alipochora. Nikamwambia, kama fundi vioo. Akasema ndiyo, hivyohivyo kabisa. Mama mkwe alikuwa amevichora vichupa vya mwanangu pande zote, na barabara ya Kiegei ikavigonga.

"Sasa hayo," nikamuuliza, "mlipanga kutuambia lini?"

Akatafuna. "Hakuna aliyewahi kuuliza, dada."

Hakuna aliyewahi kuuliza! Ungemuulizaje mtu habari za ngozi usiyoiona, ya kitu ulichopewa bila boksi, kupitia tundu la ukubwa wa mdomo? Nilimkasirikia yule kaka mpole kuliko nilivyomkasirikia Sista. Lakini ndiye aliyenipa kichupa, na cha pili juu yake, kila kimoja kimeviringishwa pamba.

Kuanzia hapo mpaka Sista Anjela alipohamishwa jina langu pale likawa Mama Majivu. "Mama Majivu, leo umesugua nini?" "Mama Majivu, sufuria zangu ziko nyumbani, karibu." Niliitika. Lakini kila nilipoitika niliuliza swali. Hii sindano mbona fupi? Hii dawa mbona tarehe yake inakaribia? Kipimo hiki kikisema hivi maana yake nini, na nani kasema? Walichoka na mimi, na mimi nilichoka nao zaidi, na mtoto akanenepa.

Kiegei nilirudi na maelezo yangu. Sikumwambia mama mkwe kwamba amekosea. Nilimwambia tu alichosema yule kaka, kwamba utelezi ule si mafuta, ni ngozi, kichupa kimevishwa ili kisiumizane na mwenzake. Alikuwa anapasua korosho. Aliendelea kupasua. Nilimwona mzee mwenye roho ngumu kuliko jiwe lake la kupasulia. Wiki ile ikaisha. Siku moja nikakuta chunguni kila kichupa kimevaa kijifuko cha kitenge chakavu, kimeshonwa kwa uzi wa gunia, mishono mikubwa ya mtu asiyeona vizuri, ndani kimejazwa sufi. Nikamuuliza nani kashona. "Kwani hapa wanakaa wangapi wenye sindano?" akasema. "Na mchanga wako umekauka."

Basi nikiwa kwenye kile kiti cha plastiki, yote hayo yakiwa yamenijaa, Sista Anjela alimaliza kicheko chake akafungua ukurasa mwingine. Usafi wa mikono! Kisa amekitaja, jini kamtaja, kuchemsha kataja, na sababu hakuitaja. Mstari wa mbele alikaa binti mmoja, mtoto wake anaonekana kagunduliwa juzi tu, kopo la chuma mapajani, na nilipomwona anacheka na wenzake nikaona hajui anachocheka ni nini. Nikasimama. Mama mkwe akanivuta kanga. "Kaa, mwanangu, tunasikiliza." Nikasimama hivyohivyo.

"Sista," nikasema, "huyo mama wa majivu, chupa yake ilivunjika kwa nini?"

Akanitazama juu ya miwani. "Si kwa sababu aliisugua?"

"Na ikisuguliwa inavunjika kwa nini?"

Akafungua mdomo. Akaanza kupekua kurasa zake. Nikamwita Somoe kutoka kwenye mkeka alete mkoba wake, nikatoa vichupa viwili kwenye vijifuko vyao, nikapita kiti kwa kiti nikivisuguanisha masikioni mwao. Sikilizeni. Kimya, si ndiyo? Hiyo ni ngozi yake. Usiisugue, usiikwaruze kwa mchanga, usikiweke kichupa uchi kwenye kopo la chuma. Nilipofika kwa yule binti wa mbele alinishika mkono, akaomba asikie tena. Nikarudia. Sista Anjela alikuwa ameduwaa, kisha nikaona uso wake unabadilika, kidogo kidogo, akinitazama mimi, halafu vichupa, halafu mimi. Alinikumbuka. Akarudi kwenye ukurasa wake wa usafi wa mikono. Aliyesugua sikumtaja.

Baadaye tulikula kwa mama ntilie jirani na stendi, benchi limeegemea ukuta, moshi wa kuni machoni. Wali, maharage, mchicha. Somoe sasa ana miaka kumi na mmoja, anajipimia wali kwa ngumi yake, anajichoma mwenyewe, na anatukataza tusimwangalie. Mama mkwe alikula kwa mkono. Macho yamempungua, anautafuta mchicha kwa vidole.

"Yule mama wa majivu," akasema, "mtoto wake alikufa?"

Nikaweka kijiko chini. Nilimtazama usoni nione kama ananitania, au amesahau, au nini. Sikuona kitu. Uso wa mama mkwe sijawahi kuusoma.

"Hakufa, mama."

"Alipona?"

"Alipona. Anakula wali."

Akatafuna. "Basi hakuwa mpumbavu sana."

Jamani! Miaka yote ile ya Mama Majivu, dirisha, kicheko, barabara ya Kiegei, ilinipanda kwa pamoja mpaka hapa kooni, na nilikuwa nimeshafungua kinywa, naapa, nilikuwa nimeshakifungua, pale Somoe alipotoa kichupa kwenye kijifuko kwa mkono wenye mchuzi. Kikamponyoka. Kabla sijajinyanyua, mama mkwe alikuwa amekwisha kukidaka, macho hayaoni, kiganja tu. Akakishika hivyo. Akakipitishia kidole gumba, kile kisicho na alama, taratibu, kuzunguka bega la kioo lote.

"Kinateleza," akasema.

"Ndiyo, mama."

"Kiache kiteleze." Akampa mjukuu wake, akamwambia afute mikono kwanza, kisha akaniambia mimi nifunge kinywa nimalize wali, gari litatuacha.